Simu ya Anti ya 2011 Ilipokea Imeli Haraka Kuliko Yako

Wasee, fanyeni kitu kimoja kabla hamjaendelea kusoma. Fungua imeli yako. Si WhatsApp, si TikTok. Imeli. Angalia ile barua ya juu kabisa ilitumwa saa ngapi, halafu jiulize wewe umeiona saa ngapi.

Mimi hilo swali lilinipata mwaka jana, na jibu langu lilinigharimu miezi sita ya kazi.

Nilikuwa nimeomba nafasi ya mafunzo kazini kwa ofisi fulani Nairobi. Nafasi yenye posho, si zile za kulipwa kwa asante. Nikangoja wiki tatu. Siku ya Alhamisi, saa kumi na dakika kumi na mbili jioni, wakaniandikia: umechaguliwa, thibitisha kabla ya saa tatu asubuhi kesho. Mimi hiyo barua nimeiona Ijumaa saa tano kasorobo. Saa 18 na nusu baadaye. Nikajibu mikono ikitetemeka. Wakarudisha mistari miwili: nafasi imeshachukuliwa, na wao wanatafuta vijana wanaofuatilia mawasiliano.

Sasa nikuambie nilikuwa wapi hizo saa 18. Sikuwa msituni. Nilikuwa kwa nyumba yangu hapa Wote, simu mkononi. Hiyo Alhamisi mchana nilinunua bando ya saa moja nipakie video, ikaisha, nikazima data. Jioni nikanunua bando ya WhatsApp peke yake, ju ndiyo mfuko uliruhusu. Nikakaa kwa grupu mpaka saa sita usiku nikicheka. Yaani nilikuwa hewani usiku wote, na barua iliyobeba miezi sita yangu ilikuwa imekaa kwa seva mahali inaningoja, kwa sababu bando yangu haikuijua imeli.

Nililia, sitadanganya. Halafu nikamkumbuka Anti.

Anti yangu anaishi upande wa Mutomo, Kitui kusini. Mimi nimelelewa naye mpaka darasa la sita. Yeye na akina mama wenzake wanasuka vyondo vya katani, na kuna mnunuzi wa ng'ambo alikuwa anachukua mzigo kwao. Oda zilikuja kwa imeli. Tatizo ni kwamba saiba ya kuaminika ilikuwa Kitui mjini, zaidi ya kilomita 60, na hiyo barabara wakati huo haikuwa na lami. Ilikuwa vumbi mpaka kope. Kwa hivyo Anti alienda mara moja kwa wiki, siku akiwa na shughuli nyingine mjini. Analipa nauli, analipa saiba, anafungua akaunti, na mara nyingi anapata barua ya siku tano zilizopita inayouliza: "Mko? Mnaweza?" Na nyingine ya siku mbili zilizopita inayosema: "Basi tumepata kwingine."

Mwaka 2011 Huawei IDEOS ikaingia Kenya. Kama wewe ni mdogo hujawahi kuiona, hiyo ndiyo simu iliyowafanya watu wa kawaida hapa waguse Android kwa mara ya kwanza. Safaricom waliiuza kwa karibu shilingi 8,000, wakati simu zingine za aina hiyo zilikuwa za wakubwa. Kioo chake kilikuwa inchi 2.8, kidogo kuliko kadi ya benki. Betri yake 1,200. Yaani robo hivi ya betri ya simu unayosomea hii. Kikundi kikachanga, Anti akanunua, akawekewa akaunti ya Gmail na kijana wa duka.

Kwetu mtandao haukufika nyumbani, kilima kilikuwa kimeikinga boma. Ulishika vizuri juu ya mwamba. Watu wa Kitui kusini wananielewa nikisema mwamba: ule mwamba mkubwa ambao umejengewa ukuta kidogo pembeni ili mvua ikinyesha maji yateremke yaingie kwa tangi. Hapo ndipo tulichota maji. Kwa hivyo hapo ndipo Anti alipata maji na imeli, sehemu moja. Mimi nilikuwa nabeba mtungi mdogo na simu, naambiwa nisidondoshe hata kimoja.

Jioni moja tuko kwa foleni ya maji, simu ikalia ting. Anti akaifuta kwa leso, akasoma akiwa amesimama. Mnunuzi alitaka vyondo 200 na alitaka jibu siku hiyo hiyo, la sivyo angeenda kwa kikundi kingine. Barua ilikuwa imetumwa dakika chache tu kabla. Anti akaanza kuandika na kidole kimoja kwa zile herufi ndogo kama mchele, akikosea, akifuta, akina mama wamemzunguka wanamwambia andika hivi, hapana, andika vile. Jibu likaenda. Jua lilikuwa halijazama. Oda ikawa yao, na kutoka kwa hiyo pesa ndipo karo yangu ya muhula ilitoka.

Hiyo simu ilikuwa dhaifu kwa kila kitu. Video ilikwama. Picha zilitoka kama zimepigwa kupitia maziwa. Kufika jioni chaji imeisha, na kuchaji sokoni ilikuwa shilingi 20. Lakini imeli ilifika. Basi mimi na simu yangu yenye kamera tatu na betri 5,000, nilishindwaje?

Nikaingia kusoma hii kitu inafanyaje kazi, na hapa ndipo mambo yanakuwa matamu.

Kuna njia mbili za barua kukufikia. Njia ya kwanza ni simu yako kwenda kuangalia. Kila nusu saa, au kila saa, inaamka, inaenda kwa seva: kuna kitu? Hakuna. Inarudi. Ni kama kumtuma punda kisimani kila nusu saa bila kujua kama maji yametoka. Punda anachoka, na hiyo ndiyo betri yako. Unalipia kila safari, na hiyo ndiyo data yako. Na bado maji yakitoka dakika moja baada ya punda kugeuka, utayapata safari ijayo.

Njia ya pili ni seva kukuita. Wewe umekaa, punda amelala, na mtu wa kisima akiona maji anakupigia flashi. Unaamka unaenda mara moja, na hurudi mikono mitupu. Simu inaacha laini moja ndogo wazi kwa seva, haipitishi kitu, inasikiliza tu. Barua ikiingia, seva inatuma kimlio kidogo, na simu inaenda kuchukua barua yenyewe. Ndiyo maana IDEOS na betri yake ya huruma iliweza. Android tangu mwanzo ilijengwa na hiyo laini kwa Google, na Gmail iliitumia.

Wenye kulipeleka hili wazo kwa wengi ni BlackBerry. Mwaka 1999 walikuwa na kifaa kidogo kama peja, kina herufi zote za kuandika, na barua ilikufuata popote. Miaka iliyofuata ikawa simu kamili, ile uliyoona imening'inia kwa mshipi wa meneja wa Nairobi. Lakini kila barua ilipitia kwa seva zao wenyewe. Oktoba 2011 hizo seva zilileta shida, na watu wa Ulaya, Mashariki ya Kati na Afrika wakakaa siku kadhaa huduma ikiwa imekatika au inasuasua. Tarehe 4 Januari 2022 wakaacha kabisa kuhudumia simu zao za zamani.

Lakini kitu kilichonishika zaidi ni hizi kompyuta za mfukoni za Windows Mobile za mwaka 2003 hivi. Simu kweli, lakini zina kalamu ya kugusia kioo na zinafungua Word. Wakati huo kuacha laini ya intaneti wazi siku nzima kulikuwa na shida. Sasa Microsoft walifanya nini ili barua ya ofisi ifike haraka? Seva ya kampuni ilikuwa inatuma SMS. SMS ya kimya ambayo mwenye simu haioni, ya kuiambia simu tu: amka, kuna barua. Simu inaamka, inaunganisha intaneti, inachukua.

Soma hiyo tena. Watu wenye seva za mamilioni, wakitaka barua ya bosi isichelewe, walitumia SMS kugonga mlango kwanza.

Na hapo ndipo nilijua ninataka kusema nini. Imeli kufika haraka si suala la simu ya bei. Ni suala la nani amebeba kazi ya kugonga mlango. Zamani waliobeba hiyo kazi ni waliojenga simu na waliotuma barua. Leo imeachwa mgongoni mwa kijana mwenye bando ya saa moja. Akichelewa anaambiwa hafuatilii.

Najua utasema nini. "Nyinyi hamsomi imeli. Imeli kwenu ni mahali pa kutumiwa nywila mkisahau." Ni kweli, na sitajitetea hapo. Akaunti yangu ya kwanza nilifunguliwa saiba nikiwa fomu tatu, na jina lake siwezi kulitaja hapa mbele ya watu. Ile ya sasa ilikuwa na barua 4,000 na ushei sijazisoma, nyingi za kuniuzia viatu. Arifa zikawa kelele, nikazizima. Nikaweka simu kwa hali ya kuokoa betri siku nzima. Yaani mtu wa kisima anapiga flashi, na mimi ndiye nimezima mlio. Hiyo ni yangu na nimeibeba.

Lakini ubebe na wewe unayetuma. Ukimwandikia mtu saa kumi jioni na kumpa mpaka saa tatu asubuhi, hujapima bidii yake. Umepima kama ana waifai nyumbani. Kijana wa Kileleshwa na kijana wa Kathonzweni wanaweza kuwa na alama sawa na hamu sawa. Mmoja data yake haizimwi kwa sababu hailipi kwa saa. Mwingine anawasha data vile watu wa kwetu wanafungua mfereji: kwa muda, kwa hesabu, na anafunga. Ukiweka saa 17 usiku ukiwa katikati, umeshachagua nani atapata kabla hujasoma hata CV moja. Na ukishachagua hivyo, usituambie ilikuwa bahati mbaya.

Sasa linganisha na M-Pesa. Tangu 2007 ukitumiwa pesa ujumbe unafika kwa sekunde. Unafika kwa kabambe, unafika kwa simu iliyofungwa na raba, unafika Mutitu kwa mzee ambaye hajawahi kununua bando maishani. Hebu fikiria siku moja watu watumiwe pesa na ujumbe uje kesho yake saa tano, halafu waambiwe tatizo ni nyinyi hamfuatilii. Nchi ingesimama. Hatungekubali. Tunajua kabisa kufikisha ujumbe haraka kwa kila Mkenya kunawezekana, kwa sababu tumeishi nayo karibu miaka 20. Pesa ikihusika tunagonga mlango. Nafasi ya kijana ikihusika tunaweka barua nje ya geti na kuondoka.

Kwa hivyo ombi langu kwa ofisi za kaunti, kampuni, vyuo, mashirika, mtu yeyote anayeita vijana kwa imeli, ni dogo. Toa saa 48 angalau. Na ukituma barua, tuma na SMS ya mstari mmoja: "Tumekuandikia imeli, jibu kabla ya Jumatatu." Nambari zetu mnazo, ziko juu kabisa ya CV, mlituambia tuziweke. SMS haihitaji bando. Haijali kama nimezima data. Ilifanya kazi kwa mabosi wa 2003 wenye kompyuta za mfukoni, itafanya kazi kwa dada wa Kibwezi mwenye kabambe.

Kuna mtu atasema SMS ni gharama. Sawa. Lakini hutumi kwa walioomba wote 3,000. Unatuma kwa wale 10 uliowachagua. Kama ofisi yako haiwezi kununua SMS 10, hiyo posho mliyoahidi nayo nina wasiwasi nayo.

Na sisi? Ju siwezi kumaliza nikilaumu watu wengine tu, nifunge simu nilale. Hivi ndivyo nimefanya baada ya ile Ijumaa, na wewe fanya leo.

Kwanza, nilitoa kelele. Nilikaa jioni mbili nikijiondoa kwa kila orodha ya matangazo. Arifa ya imeli ina maana tu kama inalia mara tatu kwa siku. Ikilia mara 60 utaizima, mimi nakujua.

Pili, niliingia kwa mipangilio ya simu, upande wa betri, nikaiambia iiache Gmail ifanye kazi hata simu ikiwa imelala. Tangu Android 6 ya mwaka 2015, simu isipoguswa inalazwa ili betri idumu. Hilo lenyewe si baya, ujumbe wa haraka umeachiwa njia ya kupita. Lakini simu nyingi tunazonunua zimeongezewa vizimio vingine na waliozitengeneza, na vinaua programu kimyakimya nyuma ya mgongo wako. Angalia pia kama Gmail imeruhusiwa kujisawazisha yenyewe. Yangu haikuwa.

Tatu, na hii ndiyo wengi hatujui: imeli ni rahisi sana. Barua ya maneno matupu mara nyingi haifikishi hata KB 100. MB moja inabeba barua kumi na zaidi. Video moja ya TikTok unayoipita bila kuimaliza inakula zaidi ya barua zako zote za wiki. Kwa hivyo badala ya kuzima data yote, washa kile kizuizi cha data cha simu, halafu uiruhusu imeli peke yake ipite. Siku hizi nanunua bando ndogo ya kawaida isiyoisha kwa saa moja, naiachia imeli. Video nafanya na ile ya saa.

Nne, kama umeomba kitu na unangoja, ingia asubuhi, mchana na jioni mpaka wajibu. Ndiyo, hiyo ni kumtuma punda. Lakini mpaka ofisi zikubali kupiga flashi, punda atembee.

Nilimpigia Anti nikamwambia hii hadithi yote. Alicheka kwanza, akaniuliza kama ni mimi yule niliyekuwa nabeba simu na mtungi. Halafu akanyamaza, akasema, "Mwanangu, sisi tulikuwa tunaingoja ile barua. Wewe ulikuwa unaingoja?" Sikuwa na jibu la haraka. Nilikuwa nangoja, lakini nilikuwa nangoja vitu vingine mia pamoja nayo, na vyote vinalia sauti moja.

IDEOS bado iko kwake, kwa kopo la majani ya chai pamoja na risiti na vitufe. Betri imevimba. Hata ungeibadilisha haingesaidia, kwa sababu tangu tarehe 27 Septemba 2021 Google haikubali tena kuingia kwa akaunti kwa simu za Android 2.3.7 kurudi nyuma, na hiyo ni 2.2. Vyondo bado vinasukwa. Siku hizi mnunuzi anawaandikia WhatsApp, na kabla ya hapo anapiga simu ilie mara moja akate, wajue kuna ujumbe.

Huyo mzungu hajawahi kufika Mutomo. Lakini anajua akina mama wengine wako shambani na data imezimwa. Anagonga mlango.

Ile ofisi ilikuwa na nambari yangu.